Tumeshamzika, lakini bado najiuliza: dada yangu aliuawa na uzembe?

SWALI: Shikamoo daktari. Dada yangu alikuwa na miaka 29. Miezi minne iliyopita alijifungua mtoto wake wa pili kwa upasuaji katika hospitali ya wilaya. Alitolewa chumba cha upasuaji saa nne usiku akiwa anaongea, akaniuliza kama mtoto ana nywele za baba yake. Mimi ndiye niliyebaki naye wodini. Kwenye saa nane niliona kanga aliyolalia imelowa damu, nikamfuata nesi. Alikuja akaangalia, akasema ni kawaida ya mzazi, nimbadilishie kanga. Nikambadilishia. Saa kumi na moja alfajiri alikuwa wa baridi, anahema harakaharaka, anaomba maji. Ndipo watu wakaanza kukimbizana na sisi tukaambiwa tutafute damu. Alifariki saa kumi na mbili na nusu. Daktari alituambia presha ilishuka ghafla, na kwenye karatasi wameandika moyo ulisimama. Baba anataka kushtaki. Shemeji anasema tumwachie Mungu. Je, huu ni uzembe? Tuanzie wapi wakati tumeshazika? Na kama ningepiga kelele saa ile ya saa nane badala ya kubadilisha kanga, angepona? (Msomaji, Kanda ya Ziwa)

JIBU: Marahaba, binti yangu. Pole sana, na poleni nyumba nzima.

Nianze na swali lako la mwisho, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Wewe uliona damu, ukainuka usiku wa manane, ukamtafuta mhudumu na ukamwambia. Kazi ya ndugu anayemuuguza mgonjwa inaishia hapo. Kujua kama damu ile ni nyingi au kidogo ni kazi ya aliyesomea, na kuanzia pale alipokuja akaangalia, jukumu lilikuwa limeshatoka mikononi mwako. Kanga ulibadilisha kwa sababu uliambiwa na mtu uliyepaswa kumwamini. Siwezi kukuapia kwamba angepona, kwa sababu wapo akina mama tuliowawahi na bado wakatuponyoka. Lakini nimekaa kwenye vikao vya kupitia vifo vya uzazi kwa miaka mingi, na hakuna hata kimoja tulichoandika kwamba mama alikufa kwa sababu ndugu yake hakupiga kelele.

Sasa yale mliyoambiwa. "Presha ilishuka" na "moyo ulisimama" hayaelezi kilichomuua dada yako. Kila anayekufa moyo wake husimama. Presha nayo haishuki yenyewe, kuna kitu huishusha. Daktari anapojaza sababu za kifo, fomu ina mistari inayofuatana: kilichomuua moja kwa moja, kilicholeta hicho, kisha chini kabisa chanzo cha yote. Mstari huo wa chini ndio familia inaoutafuta, na kwenu, kwa maelezo yako, hamkupewa.

Nalijua neno hilo "presha ilishuka" kwa sababu nami nimewahi kulitumia. Nilikuwa daktari wa miaka michache kazini. Mama alikufa mikononi mwetu baada ya kujifungua, na mimi ndiye niliyetumwa nje kwa mume wake. Alikuwa amekaa kwenye benchi na beseni la nguo za mtoto mapajani. Nilijua kwamba tulichelewa, nikijua pia kwamba chupa ya damu ilifika baada ya saa moja na nusu. Nikamwambia, "Presha ilishuka ghafla, baba, tulijitahidi." Alinishukuru. Yule mwanamume alinishika mkono kwa mikono yake miwili akanishukuru. Mpaka leo nikikumbuka mikono ile najua nilimnyima kitu kilichokuwa chake. Sikumdanganya kwa chuki. Niliogopa, wala hakuna aliyenifundisha namna ya kumwambia mtu ukweli wa aina hiyo. Nakueleza haya ili mkienda hospitali mjue kwamba mnayeongea naye huenda naye amebeba woga wake, na kwamba woga huo hauondoi haki yenu ya kujua.

Uliyoyaeleza, kwa macho yangu, yanafanana sana na kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Nasema yanafanana, kwa sababu faili sijaliona. Mimba ikikomaa, mji wa mimba hupitisha zaidi ya nusu lita ya damu kila dakika. Mtoto na kondo wakishatoka, misuli ya mji wa mimba inatakiwa ijikaze na kuibana mishipa ile. Usipojikaza, au kama kuna mshipa uliokatwa kwenye upasuaji na haukufungwa vizuri, mama anavuja. Baada ya upasuaji ni hatari zaidi kwa sababu damu inaweza kujaa ndani ya tumbo, nje kikaonekana kidogo tu. Halafu mwanamke kijana mwili wake unapambana: mapigo ya moyo yanapanda, ngozi inakuwa ya baridi, anahema haraka, anasikia kiu, huku presha bado inasomeka vizuri. Presha inashuka mwishoni, akiba ikishaisha. Kwa hiyo kwenye ugonjwa huu neno "ghafla" mara nyingi humaanisha kwamba hakuna aliyekuwa akipima.

Na kupima damu kwa macho hudanganya hata wataalamu. Taa hafifu, kanga inakunywa damu, shuka la plastiki linaipeleka chini ya godoro. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, kwa akina mama waliojifungua kwa njia ya kawaida. Walitandikiwa plastiki yenye mfuko uliowekewa alama za vipimo, ili damu ipimwe badala ya kukisiwa, na mara ikifika kiwango cha hatari dawa zote zinatolewa kwa pamoja bila kusubiri moja ishindwe ndipo ijaribiwe nyingine. Kutokwa damu kwa kiwango kibaya, pamoja na vifo na upasuaji wa dharura unaotokana nako, kulipungua kwa asilimia 60. Dada yako alipasuliwa, kwa hiyo utafiti ule haumhusu moja kwa moja. Lakini somo lake linamhusu: "ni kawaida ya mzazi" ni jibu linalotakiwa kutolewa na mtu aliyeshika kipimo cha presha, na baada ya kulibonyeza tumbo kuona kama mji wa mimba umekaza.

Ndiyo maana siku mtakapofunguliwa faili, msianze na maelezo marefu ya daktari. Ombeni chati, ile karatasi ya vipimo vya baada ya upasuaji. Katika saa za mwanzo mama hupimwa kila baada ya dakika 15 au 30: presha, mapigo ya moyo, upumuaji, na damu inayotoka. Angalieni kwanza kama mistari ipo. Kisha linganisheni namba mbili, ile ya juu ya presha na ile ya mapigo ya moyo. Mtu mzima mwenye hali nzuri, presha yake ya juu huwa kubwa kuliko mapigo kwa mbali, tuseme presha ya juu 120 na mapigo 80. Mapigo yakiifikia au kuipita namba hiyo ya presha, mathalani presha 95 na mapigo 118, hiyo ni kengele, hata kama mgonjwa anaongea. Ulizeni kengele hiyo ililia saa ngapi na nani aliisikia. Nimeona pia chati iliyoandikwa 120/80 saa saba, 120/80 saa nane, 120/80 saa tisa, 120/80 saa kumi, kwa kalamu moja na mwandiko usioyumba, halafu saa kumi na moja "haisomeki". Mwili wa binadamu haukai hivyo. Chati kama hiyo imejazwa na mtu aliyekaa kwenye kiti.

Baada ya chati, tafuteni saa za mambo mengine matatu. Daktari aliitwa saa ngapi na akafika saa ngapi. Damu iliombwa maabara saa ngapi na ikatundikwa saa ngapi. Na dawa za kukaza mji wa mimba, pamoja na asidi ya tranexamiki inayosaidia damu kuganda, zilichomwa saa ngapi, maana hiyo ya pili hufanya kazi ikitolewa ndani ya saa 3 tangu mama ajifungue. Kuna karatasi nyingine fupi ya kuiulizia, ile ya maswali ya usalama yanayosomwa kwa sauti kabla ya kisu kushika ngozi: jina la mgonjwa, aina ya upasuaji, damu inayotarajiwa kupotea na kama imeandaliwa. Karatasi hiyo ilijaribiwa katika miji minane duniani na Ifakara yetu ilikuwa mmojawapo. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2009, vifo baada ya upasuaji vilikuwa vimeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Nani anahitaji kuulizwa jina kabla ya kupasuliwa? Wale wanaokumbuka mwaka 2007, pale Muhimbili kwenye taasisi ya mifupa, ambapo wagonjwa wawili wenye jina la kwanza moja walibadilishwa, wa goti akapasuliwa kichwa na wa kichwa akapasuliwa goti, hawawezi kuuliza swali hilo.

Na ile kadi yake ya kliniki mnayo? Itafuteni. Ina kundi lake la damu na wingi wa damu aliokuwa nao wakati wa ujauzito. Kama alifika hospitali damu yake ikiwa chini tayari, chupa ilitakiwa iandaliwe kabla ya upasuaji, siyo ndugu kutumwa kutafuta wachangiaji alfajiri.

Umeniuliza kama ni uzembe. Neno hili mtaani tunalitumia kwa kila kifo kinachouma, lakini huko mnakokwenda lina uzito wake. Kutokwa na damu kwenyewe si kosa la mtu, ni hatari inayojulikana na inaweza kumpata mama yeyote hata kwa daktari bingwa. Kutoipima, au kuambiwa na kutochukua hatua ambayo mhudumu wa kawaida mwenye mafunzo yale angechukua, hapo ndipo tunapoanza kusema uzembe. Katikati kuna jambo ambalo si la kumtetea mtu ila ni la kweli: muuguzi mmoja usiku na wazazi thelathini, jokofu la damu tupu, daktari mmoja aliye ndani anampasua mwingine. Kosa lipo, ila mwenye kosa hapo ni aliyepanga zamu na aliyejua kwamba jokofu ni tupu. Kwa nilivyokusoma, kati ya saa nane na saa kumi na moja kuna saa tatu ambazo hospitali inawajibika kuzieleza. Hilo nalisema bila kusitasita. Nani alaumiwe kwa saa hizo, faili ndilo litakalosema.

Njia yenyewe huanza kwa barua kwa mganga mfawidhi wa hospitali, nakala kwa mganga mkuu wa wilaya. Ukurasa mmoja unatosha: jina la marehemu, namba ya faili kama mnayo, tarehe, na maombi matatu: kikao cha kuelezwa usiku ule saa kwa saa, muhtasari wa matibabu, na nakala ya kumbukumbu. Barua isainiwe na shemeji, kwa sababu hospitali humtambua kwanza mume. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa mrudi nayo. Wakiwazungusha, afisa ustawi wa jamii wa hospitali awasaidie, na ngazi inayofuata ni mganga mkuu wa mkoa. Kikaoni nendeni watatu, mmoja kazi yake iwe kuandika tu. Msifungue kwa "nani amemuua ndugu yetu", maana mkianza hivyo kila mtu atafunga mdomo na faili lake. Semeni, "Tunaomba mtueleze kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili na nusu." Kisha nyamazeni wasimulie. Wakitoa rambirambi pokeeni, ila msisaini karatasi yoyote siku hiyo.

Ulizeni pia kama kikao cha kupitia kifo chake kimefanyika. Kila kifo cha uzazi hapa nchini kinatakiwa kitolewe taarifa na kipitiwe na jopo la hospitali. Kikao hicho hakitaji majina na muhtasari wake hawatawapa, kwa sababu lengo lake ni watu waseme kweli bila kuogopa. Lakini kuuliza "mlibadilisha nini baada ya dada yetu?" mna haki, na mimi ningeng'ang'ania jibu la swali hilo kuliko mengine yote. Utafiti wa afya wa 2015-16 ulikadiria vifo vya uzazi Tanzania kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulionyesha 104. Kwa hiyo mtu asiwaambie kwamba kufa kwenye uzazi ndivyo ilivyo.

Uchunguzi wa maiti ungesaidia kabla ya mazishi. Kufukua sasa kunahitaji amri ya mahakama, na baada ya miezi minne mwili hautaonyesha mengi kuhusu damu iliyopotea. Mwacheni apumzike.

Mkishaelezwa na bado kuna mtu ambaye hakufanya kazi yake, malalamiko dhidi ya daktari au tabibu hupelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika, na dhidi ya muuguzi au mkunga Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Mabaraza haya yanaweza kumwonya mtu, kumsimamisha au kumfutia usajili. Fidia hayatoi. Fidia ni ya mahakamani, na baba aelewe mapema kinachomsubiri huko. Kesi ya madai ya uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3. Hospitali yenu ni ya serikali, kwa hiyo kabla ya kufungua mnatoa notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali anaunganishwa, na kesi inakwenda Mahakama Kuu. Atahitajika msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Atahitajika pia daktari mwingine wa kusimama na kusema kwamba lililofanyika halikupaswa, na kwamba lisingefanyika mama angekuwa hai. Hilo la pili ndilo gumu, nami nimeona familia zenye haki zikishindwa hapo. Kama hamna fedha za wakili, nendeni Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu au TAWLA, chama cha wanasheria wanawake Tanzania, wawasikilize. Simkatazi baba. Ninachomwomba ni asianzie huko, kwa sababu bila faili atakwenda kubishana na karatasi asizowahi kuziona.

Shemeji yako nisimseme vibaya. Amebaki na watoto wawili, mmoja wa miezi minne, na pengine kila akisikia neno "hospitali" analirudia lile benchi alilokaa. Kumwachia Mungu ni imani yake na ni yangu pia. Lakini sijaona mahali Mungu alipokataza kuuliza saa tisa usiku nani alimpima mke wake. Mwambieni hamtafuti ugomvi, mnatafuta cha kumwambia huyo mdogo siku atakapouliza mama yake alikufaje. Watoto huuliza, wengine wakiwa darasa la pili tu. Mpeni muda, ila barua isisubiri mwaka.

Kabla ya barua lakini kuna kazi moja, nayo ni yako peke yako kwa sababu wewe ndiye uliyekuwepo. Chukua daftari uandike usiku ule wote, bila kumuuliza mtu, bila kusahihishwa na baba wala shemeji. Nao waandike yao kando. Kumbukumbu ya miezi minne bado ina saa ndani yake, ya miaka miwili itakuwa imebaki na uchungu tu. Fungua simu yako: uliwapigia nani alfajiri ile, dakika ngapi? Mlinunua dawa au mlituma nauli ya mchangia damu? Ujumbe wa muamala una saa na dakika, na hakuna wa kuubishia. Usiufute, usibadilishe simu, piga picha za kila risiti. Andika nesi alivaaje, alishika nini mkononi, aliweka mkono tumboni au hakuweka. Andika kanga zilikuwa ngapi. Na anzia pale alipokuuliza kuhusu nywele za mtoto, kwa sababu inaonyesha kwamba saa nne usiku dada yako alikuwa na akili zake timamu.